Feza ya Chini ya Ulimi

Uliza mutu yeyote anayegusa dhahabu hapa Bukavu, uanzie Nyalukemba mpaka kule wanakoshukia watu wa Mwenga na mifuko yao: nani anajua dhahabu kwa ulimi? Watakuambia Papa Poly. Hata adui zangu watakuambia, na ninao wengi, kwa sababu mutu akipewa kipaji anapewa na adui wa kukichungulia. Wenzangu wana mashine. Wengine wana asidi ndani ya chupa. Mimi nilikuwa ninaweka kitu chini ya ulimi, ninafunga macho, ninakuambia kimetoka mutoni gani, na kama aliyekichimba siku ile alikuwa amekula.

Shule sikuisoma sana. Niliiacha, ao yenyewe iliniacha, hatukuagana vizuri. Lakini madokta wa université walikuwa wanapanda mpaka kwangu na pete za bibi zao.

Sasa siweki tena kitu mudomoni. Watu wanacheka, wanasema Papa Poly amezeeka. Wanauliza pia kwa nini kila jioni, jua likianza kuingia nyuma ya milima, ninaketi peke yangu na jiwe la kupimia juu ya meza, kama mutu anayengoja muteja. Ninawajibu kwamba nimechoka.

Na ni kweli. Nimechoka uchovu ambao usingizi haufikii.

Siku ile Agathe, bibi yangu, alinituma kununua makala ya kupikia. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, umeme hakuna, barabara yote ni matope ya kunyonya viatu. Nilishuka na mufuko wangu mutupu mukononi, na vyombo vyangu ndani ya mufuko wa shati: kamizani kadogo ka mukono, jiwe jeusi la kupimia, lile la kukwaruzia dhahabu, na lile jiwe la mizani la baba.

Lile nikueleze kwanza. Kwa kazi yetu, wengi wanapima dhahabu kwa sarafu za zamani na vijiti vya kiberiti. Mimi nilikuwa na kitu cha urizi. Baba yangu, Papa Léopold, alikuwa fundi wa dhahabu ambaye mikono yake haijapata mufano mujini hapa, isipokuwa yangu. Aliniachia kiduara cheusi cha risasi, kikubwa kama kifungo cha koti, na agizo moja: usikikwangue. Ukikikwangua kitapungua, na mizani itasema uongo. Sikukikwangua. Kilikuwa kizito kuliko kilivyopaswa, na hilo sikumulalamikia mutu, maana ule uzito wa ziada, kila nikinunua dhahabu, ulisomesha watoto wangu.

Basi, nimefika kwenye kona, nikakuta Emérence amesimama na torshi yake. Ni binti wa Muzee Honoré. Walikuwa wanakaa katika nyumba ndogo ya nyuma ya villa moja ya zamani, kule chini kabisa, karibu ya maji.

"Papa Poly," akasema. "Kuya kidogo. Kuko kitu unipimie."

Nikamwambia giza linaingia, Agathe anangoja makala, nitakuja kesho.

"Kesho watakuya kumutosha baba inje."

Hakulia. Alisema kama mutu anayesoma bei ya mafuta. Macho yake yalikuwa mekundu, yale ya mutu aliyesahau kitanda.

Tukashuka pamoja, akinielezea njiani kwa sauti ya chini. Baba yake alilala tangu kiangazi. Hali, hanywi, na hafi. Padri alikuja na mafuta matakatifu, akarudi tena, mwishowe akachoka. Tangu hapo watoto wa avenue walianza kushikwa na homa, mumoja, halafu mwingine, na vijana wakafanya kikao chao. Wakasema yule muzee ni mulozi. Anakula siku za watoto kwa kurefusha zake. Kesho asubuhi watamutoa nje. Sote hapa tunajua kinachofuata, muzee akishatolewa nje.

"Sitaki apone," Emérence akasema. "Nataka aende muzuri, ku kitanda yake, mbele hawajafika. Mi nimechoka, Papa Poly. Na yeye amechoka."

Nyumba ilikuwa na chumba kimoja na pazia. Harufu ilinipokea mulangoni. Nilidhani itakuwa harufu ya mugonjwa. Hapana. Ilikuwa matope ya ziwa... na karatasi zilizolowa... na kitu cha baridi, kama ndani ya chungu ambacho hakijafunguliwa siku nyingi.

Muzee Honoré alikuwa mifupa chini ya blanketi. Macho tu ndiyo yalikuwa ya mutu. Akafungua mukono wake. Ndani yake mulikuwa na sarafu ya dhahabu.

Nimeona dhahabu nyingi, lakini uso kama ule sijawahi. Mwanaume wa shingo nene, amevaa taji la majani, anaangalia pembeni kama mutu ambaye hakujali umekuja. Herufi zimemuzunguka kichwa.

"Feza ya Roma," Muzee akasema. "Ya bafalme ba zamani."

Aliniambia yote kwa pumzi ndogo ndogo, na pale aliposhindwa Emérence alimalizia. Alikuwa mupishi wa Mesye Armand, muzungu mumoja mwalimu wa Kilatini, aliyebaki katika ile villa wenzake walipoondoka. Mesye alikuwa na sarafu moja ya Roma, aliyorizi kwa babu yake, na aliipenda kuliko watu wengi. Jioni, jikoni, alimufundisha Honoré kuitambua kwa kidole. Ya kweli imepigwa kwa nyundo, alisema: herufi zake zinakata. Ya kuiga imemiminwa kama muchuzi: herufi zake ni sabuni.

Kwa kuogopa wezi, Mesye alimupelekea fundi mumoja wa mujini ile ya kweli, na dhahabu ya Mwenga, ili amutengenezee ya kuiga ya kuonyesha wanafunzi. Fundi akarudisha mbili. Zikakaa katika sanduku moja.

Halafu Mesye akagonjwa. Siku ya kufa akamushika Honoré mukono. Watu wa Roma, akamwambia, walikuwa wanazikwa na feza mudomoni, kwa kumulipa mwenye mutumbwi wa wafu. Uniwekee ile ya kweli chini ya ulimi. Ya kuiga ni yako.

"Nikazigusa," Muzee akasema. "Kidole yangu ikaniambia zote mbili iko sabuni. Nikafikiri ni uoga. Nikachagua moja tu, nikamuwekea."

Akaonyesha kwa kidevu upande wa ziwa.

"Tangu nimelala, kila jioni iko mutu anagonga ku ngazi za maji. Anasema alipewa ya uongo. Anasema mupaka apate ya kweli, hakuna mutu wa ile njia atavuka. Mimi nilikamata feza ya Mesye, basi na mimi niko wa ile njia." Akanipa sarafu. "Unipimie. Kama hii ndiyo ya kweli, nimupe, niende."

Sasa mutu mwenye akili angetoa kwanza jiwe la kupimia. Lakini mimi ni Papa Poly. Binti ananiangalia, muzee ananiangalia. Nikataka waone.

Nikaiweka chini ya ulimi, nikafunga macho.

Ilikuwa baridi. Dhahabu inapata moto haraka mudomoni, kila muchimbaji anajua. Ile haikupata moto. Baridi ikashuka kooni, ikaingia kifuani... nikasikia moyo wangu unapunguza mwendo, kama gari inayofika.

Nje, mbao ikagonga jiwe.

Ko.

Ko.

Ko.

Harufu ya matope ikajaa chumba. Nikafungua macho. Pazia lilikuwa limesogezwa, na mulangoni alikuwa amesimama mutu.

Uso wake sikuuona. Alivaa koti la mvua la zamani, na maji yalikuwa yanatiririka kutoka mikononi mwake, ijapokuwa mvua ilikwisha kabla sijatoka nyumbani. Yanatiririka, yanaanguka... na saruji ya chini ilibaki kavu.

"Abiria ni huyu?"

Alikuwa ananionyesha mimi.

Nikataka kusema hapana. Ulimi ulikuwa umelala juu ya ile feza kama umefungwa. Mimi, ambaye Agathe anasema hata mazishini sinyamazi.

Muzee Honoré ndiye aliyejibu, kutoka kitandani.

"Hapana. Huyo anapima tu."

Yule mutu akapumua. Nilitazamia sauti ya kaburi, na nikasikia sauti ya mulinzi wa geti anayengoja mwenzake amupokee zamu tangu asubuhi. Alisema Kiswahili chetu hiki hiki.

"Basi apime muzuri. Mimi sijui dhahabu. Najua kasia tu. Walinidanganya mara moja, na tangu siku ile sijalala."

Niliitema kiganjani. Nikatoa jiwe jeusi, nikaikwaruza ile sarafu juu yake, na kando yake nikakwaruza pete yangu ya ndoa, dhahabu ya Mwenga niliyoichagua mwenyewe. Emérence akaleta torshi karibu.

Mistari miwili ilikuwa ndugu. Manjano ile ile nyepesi, yenye feza nyeupe kidogo ndani yake. Ile rangi ninaijua kama jasho langu. Nikageuza sarafu pembeni: mushono mwembamba uliopigwa tupa. Nikapitisha kidole juu ya herufi. Sabuni. Na karibu ya sikio la mufalme kulikuwa na kipele kidogo, pale hewa ilipobaki wakati wa kumimina.

"Dhahabu ni dhahabu," nikasema. "Lakini si ya Roma. Imemiminwa hapa."

Emérence akakaa chini, polepole, mugongo ukutani.

"Basi ya kweli nilimupa Mesye," Muzee akasema. "Basi niliweka muzuri."

Mutu wa mulangoni akaingiza mukono ndani ya koti. Akainama, akaweka kitu juu ya kizingiti, bila kukivuka.

"Hii ndiyo nilipewa."

Nilienda kuiokota kwa kutambaa. Sioni haya kusema. Nikaikwaruza juu ya jiwe: Mwenga. Nikaigusa: sabuni. Nikaangalia sikio la mufalme.

Kipele kilikuwa pale pale.

Sarafu za nyundo hazifanani hivyo, kila moja inapata pigo lake. Kipele kimoja pahali pamoja maana yake ni kalibu moja. Zote mbili zilizaliwa siku moja, kwa fundi mumoja. Fundi alipewa ya kweli aiige, akaiiga mara mbili, akarudisha watoto na akabaki na mama yao.

Nilipowaelezea, Muzee Honoré alifanya sauti fulani. Ilinichukua muda kujua kwamba anacheka.

"Kidole yangu," akasema. "Ilisema kweli. Miaka yote hii niliishitaki bure."

Nikauliza, kwa haraka yangu ya kuzaliwa, fundi yule alikuwa nani.

Muzee aligeuza kichwa. Aliniangalia kwa huruma, na hilo liliniogopesha kuliko yule wa mulangoni.

"Alikuwa Léopold," akasema. "Baba yako."

Maji yalitiririka kutoka mikononi, bila kulowesha kitu. Halafu lile koti likageuka kidogo, taratibu, upande wa mufuko wa shati langu.

"Na hiyo?"

Kiduara cheusi kilikuwa kizito kifuani kwangu kama kimekula mawe. Usikikwangue, baba alisema. Na mimi, ulimi wa Bukavu, nilikuwa nimepima dhahabu ya watu maisha yangu yote kwa dhahabu, bila kujua.

Nilifikiri mambo mengi kwa muda mufupi. Niliiona nyumba yangu Ibanda, ya ghorofa, geti la chuma. Nilijua pia kwamba yule mutu hajui dhahabu. Amekuja kwangu nimujulishe. Nikimwambia ya kizingitini ndiyo ya kweli, niliidharau kwa sababu ya giza, ataamini. Nani angenibishia?

Emérence akainua kichwa.

"Papa Poly," akasema. "Kesho asubui."

Nikatoa kisu.

Risasi ilitoka kama ganda la kiazi kilichochemka. Chini yake kukafunguka manjano ambayo sijaiona mutoni wowote wa kwetu, manjano nzito, haina weupe. Shingo ile ile. Majani yale yale, lakini kila jani na mushipa wake. Uso haukukaa katikati, ulikuwa umesogea, kama mupigaji alikuwa na haraka, na ukingo umepasuka kidogo pahali nyundo iliposukuma. Karibu ya sikio, hakuna kipele. Nikasoma kwa shida: IMP... halafu TRAIANO... halafu AVG, ile V imesimama pahali pa U. Nilipopitisha kidole juu yake, ilinikata. Damu ilitoka kweli. Kovu hili hapa.

"Iko ya kweli," nikasema.

Niliona si haki nimupe yule wa mulangoni mimi mwenyewe. Safari ilikuwa ya Muzee. Nikamupa Emérence. Muzee akafungua mudomo, akatoa ulimi, kama watu wanavyopokea Ekaristia, na binti akamuwekea.

Akafunga mudomo. Akamuangalia binti yake. Kifua kikapanda... kikashuka...

Hakikupanda tena.

Mulangoni hapakuwa na mutu.

Nilichukua torshi, nikatoka nikashuka mpaka ku ngazi za maji. Usiniulize kwa nini. Giza lilikuwa halijafunga bado, ziwa lilikuwa na rangi ya risasi. Mutumbwi ulikuwa unaondoka. Mwenye koti amesimama nyuma na kasia, na mbele yake migongo ya watu watatu. Mumoja murefu, na kofia ya kizungu. Mumoja mwembamba, anajishikilia pembeni kama mutu ambaye hajazoea maji. Wa tatu ameinama peke yake, kule mbele.

Huyo wa tatu akakohoa.

Kile kikohozi nilikua nacho nyumbani. Ni kikohozi cha moshi wa asidi. Baba yangu alichelewa kufa kwa muda murefu, akiomba maji na kuyasukuma tukimuletea, na chumba chake kilinuka matope tukashindwa kujua yanatoka wapi.

"Papa," nikaita.

Hakugeuka. Aliyegeuka ni mwenye kasia.

"Fundi," akaniambia, polepole, sauti ikija juu ya maji kana kwamba yuko karibu ya sikio langu. "Nitakuita tena. Wananidanganya sana."

Asubuhi vijana wa avenue walifika na fimbo zao, wakakuta viti vya kilio vimepangwa na mama wanaimba. Wakaweka fimbo nyuma ya ukuta. Mwishowe ni wao walibeba sanduku, na waliobeba mbele ndio walilia zaidi. Emérence alilala usingizi katikati ya watu, ameketi, mudomo wazi, na hakuna aliyemuamsha. Wamama waliomuosha muzee walisema mudomoni hamukuwa na kitu.

Mimi nilinunua mawe ya mizani ya dukani, mawe ya haki. Wateja wamefurahi. Mimi nimekonda.

Mutu akiwa karibu kufa, avushwe maji, inaanza harufu. Halafu mbao inagonga mulango wangu, ko, ko, ko, na nyumba yangu iko juu kabisa ya kilima. Nikifungua, ninakuta kitu kwenye kizingiti, malipo ya yule anayeondoka, kimelowa, na saruji kavu. Pete. Hereni. Jino la dhahabu. Siku moja hata kisarafu chenye kichwa cha mufalme, sijui kilitoka kaburi gani la mbali. Ninapima kwa jiwe, kamwe si kwa ulimi. Ya kweli ninaiweka kuume, ya uongo kushoto. Kukipambazuka hakuna kitu. Wa kushoto wanakuwa wapi, sijauliza. Nilimuona Muzee Honoré kitandani, inatosha.

Ningeweza kuishi hivyo. Kazi ni kazi.

Lakini juma lililopita, jioni, mulango uligongwa, na kwenye kizingiti kulikuwa na pete nyembamba, dhahabu ya Mwenga, yenye alama ya tupa kwa ndani. Ile alama niliipiga mimi, mukono uliniteleza kwa furaha, kabla ya harusi yetu. Nikaenda mpaka jikoni. Agathe alikuwa anapepea moto, akinung'unika kwamba siku hizi ninanunua makala mabichi. Pete yake ilikuwa kidoleni mwake. Niliushika ule mukono, nikaiangalia vizuri. Akaniuliza kama nimelewa.

Nikarudi mezani. Niliikwaruza ile nyingine juu ya jiwe, na musitari ukaniambia ni ya kweli, safi, bila shaka yoyote.

Nikaiweka kushoto.

Kesho yake jioni ikarudi. Nikaiweka kushoto. Na jana pia. Mwenye kasia hajui dhahabu, anaamini ninachomwambia. Agathe ameanza kusema chakula hakina ladha, na leo asubuhi aliomba maji, akayasukuma.

Harufu imeanza. Sogea kidogo, unikingie upepo, nisafishe jiwe.